Mashini ikipiga kidogo: namna ya kuchagua na kufunga diferansieli



Tukitembelea koperative za Masisi na Walikale, kuna neno moja tunasikia karibu kila mahali penye jenereta: «Mashini hii inapiga kidogo tu.» Mama anayeosha ndoo za maziwa anasema hivyo, na kijana wa kinu cha mihogo vilevile. Wengine wamekwisha kuzoea, wanavaa sapatu ya plastiki na kazi inaendelea. Lakini umeme huo haupigi kidogo kwa sababu ni mdogo. Unapiga kidogo kwa sababu viatu viko vikavu. Siku sakafu italowa maji ya fromaji yenye chumvi, au mvua ya Walikale itaingia chini ya mabati, mambo yatakuwa mengine.

Wengi wanatujibu: «Sisi tuko na disjonkteri.» Ni vizuri, ila disjonkteri ya kawaida inalinda waya isiungue, hailindi mtu. Ile ya ampere 10 inangoja ipite zaidi ya miliampere 10,000. Sasa, mtu akipitwa na miliampere 10 hivi, mkono unajikunja na hawezi tena kuachia chuma. Ikipita 30 na kudumu, moyo unaweza kuvurugika na kusimama. Miliampere 30 ni umeme wa taa moja ya wati 7! Mtu anaweza kufa pale, na disjonkteri ya kawaida isione kitu.

Chombo kinacholinda mtu ni disjonkteri diferansieli. Kazi yake ni kama ya mwenye kuhesabu ng'ombe kwenye mlango wa kraali: waliotoka asubuhi sharti warudi wote jioni. Inapima umeme unaotoka kwa fazi na ule unaorudi kwa netri. Kama unapungua, maana yake sehemu imepita njia nyingine, pengine ndani ya mwili wa mtu mpaka kwenye udongo. Hapo inakata, kwa muda usiopita theluthi moja ya sekunde. Kule Marekani, Profesa Charles Dalziel wa Berkeley alitengeneza chombo cha namna hii mwaka 1961, baada ya kupima kwa miaka mingi umeme ambao mtu anaweza bado kuuachia.

Wamarekani wanakiweka ndani ya prizi yenyewe. Mkiletewa prizi za namna hiyo kama zawadi, msizifunge: ni za volti 120, na yetu ni 220. Sisi tunakiweka kwenye tablo, na kinalinda prizi zote zilizo nyuma yake. Dukani angalieni maandishi: 30 mA au 0,03 A, kisha 230 V, kisha ampere 25 ao 40, na kifungo chenye herufi T. Ile ya 300 mA ni ya kuzuia moto wa nyumba, haitoshi kwa mtu. Mkipata ya aina A, chukueni hiyo kuliko AC, maana inaelewa vizuri zaidi umeme wa mashini zenye elektroniki.

Sasa tufike kwenye jambo linalotuhangaisha zaidi. Diferansieli nyingi tulizoona zimefungwa kwa jenereta ndogo ambayo netri yake haikuunganishwa na ardhi. Hapo umeme unaopita kwenye mtu hauna njia ya kurudi, kwa hiyo diferansieli haioni tofauti. Mtasema: basi mtu hapigwi. Ni kweli kwa kosa la kwanza. Lakini kosa hilo linabaki limejificha, labda waya iliyokatwa na ukali wa bati, na kosa la pili kwenye mashini nyingine ndilo linaua, diferansieli ikiwa imenyamaza.

Na kifungo cha T kinadanganya hapa. Ukikibonyeza kinakata hata kama hakuna waya ya ardhi hata moja, sababu kinajaribu chombo chenyewe tu. Kibonyezeni kila mwezi, lakini msikiamini kwa mambo ya ardhi.

Fundi afanye hivi. Netri ya jenereta na mwili wake wa chuma viunganishwe na ardhi kabla ya diferansieli. Nyuma ya diferansieli, netri isiguse ardhi tena popote. Waya ya kijani na njano ifike kwenye kila prizi na kila mashini. Kwa onduleri ya solari mwe na angalisho: ziko zile za bei ndogo ambazo zinaungua netri ikishikamana na ardhi. Kitabu chake kisomwe kwanza, ao muuzaji aulizwe mbele ya kulipa.

Chuma cha ardhi kiingie mita 1.5 ao 2. Upande wa Sake, kwenye mawe ya volkano, hakiingii; chimbeni mfereji mrefu na kulaza waya tupu ya shaba ndani ya udongo wenye unyevu. Msimwage chumvi, inakula shaba. Na msikate tamaa kama ardhi si nzuri sana: volti 50 ukigawa kwa ampere 0.03 unapata omu 1,666, kwa hiyo diferansieli ya 30 mA inakata hata pale ardhi iko dhaifu. Lakini tafuteni chini ya omu 100.

Mwishoni, fundi ajaribu kwa taa ya zamani yenye uzi, wati 25 ao 40, kati ya fazi ya prizi na kidole chake cha ardhi. Watu wote wakae mbali na vyuma. Sharti ikate mara moja. Taa ikiwaka na isikate, diferansieli haifanyi kazi ao imefungwa vibaya. Isipowaka na isikate, njia ya ardhi imekatika, na malipo ya fundi yangoje.

Kisha itakuja siku inakata ovyo, maziwa yako ndani ya friji, na mtu atataka kuiruka na kipande cha waya. Msikubali. Toeni mashini zote kwenye prizi, mrudishe moja moja. Ile inayokatisha ndiyo mgonjwa, mara nyingi ni pompi ao rezistansi iliyoingia maji. Kama mfuko unaruhusu, friji ipate diferansieli yake peke yake, ili pompi isiharibu maziwa.

Na kama mtu ameshikwa, msimguse. Zimeni jenereta kwanza. Mwonyesheni kila mwanamemba, na watoto wanaocheza pale, kifungo cha kuizima kiko wapi.