Dada yuko Iceland, anameza dawa za sonona: nimwambie aache?

*Shikamoo Daktari. Dada yangu anaishi Iceland na ameandikiwa setralini. Nimesoma kuwa watu wa huko wanaongoza Ulaya kwa dawa za sonona. Au ni mazoea yao tu? Nimwambie aache? – Mdogo mtu, Tanga*

Marahaba. Kweli wanaongoza, ila takwimu hizo hazihesabu watu. Zinahesabu dozi. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha siku kwa kila dawa: setralini miligramu 50, amitriptilini, nayo dawa ya sonona, 75. Anayemeza setralini 100 anahesabiwa kama watu wawili. Bibi wa hapo Tanga anayepewa amitriptilini 25 usiku kwa miguu inayowaka moto ni theluthi ya mtu, na sonona hana! Tena penye madaktari na bima, wengi huandikiwa. Kwetu wengi wenye sonona hawajawahi kuandikiwa hata kidonge.

Kwa hiyo usimwambie aache. Kukatisha ghafla huleta kizunguzungu, wasiwasi na kukosa usingizi. Dozi hupunguzwa taratibu na daktari wake. Wewe mpigie, umuulize analala vipi, anakula vipi. Akitaja kujidhuru, apige 112, namba ya dharura ya huko, saa hiyo hiyo.