Kaboni Moja, Kaboni Mbili: Jina la Kampaundi na Usalama wa Mnywaji

Mkaa uwakao jikoni Makuyuni, wilayani Korogwe, kwa sehemu kubwa ni kaboni. Elementi hiyohiyo imo katika nyuzi za mkonge, sukari, mafuta ya kula na pombe. Kuifahamu atomi yake husaidia kueleza kwa nini kimiminika kimoja hulewesha, na kingine kinachofanana nacho hupofusha na kuua.

Kila atomi ina kiini. Ndani yake mna protoni, zenye chaji chanya, na kwa kawaida nyutroni, zisizo na chaji. Nje ya kiini zimo elektroni, zenye chaji hasi, katika ngazi mbalimbali za nishati. Idadi ya protoni ndiyo huitambulisha elementi. Kaboni ina protoni 6 na elektroni 6: 2 katika ngazi ya ndani na 4 katika ngazi ya nje. Kwa kuwa ngazi hiyo ya nje huwa imara ikifikisha elektroni 8, kaboni hushirikiana elektroni na atomi jirani, ikajenga vifungo 4. Ndiyo maana atomi zake huweza kuungana zenyewe kwa zenyewe katika minyororo mirefu.

Majina ya kampaundi za kaboni hufuata kanuni. Mwanzo wa jina huhesabu kaboni: meth- ni 1, eth- ni 2, prop- ni 3, but- ni 4. Mwisho wa jina hutaja aina: -oli ni alkoholi, yaani kampaundi yenye kundi la OH. Basi methanoli (CH₃OH) ni alkoholi ya kaboni 1, na ethanoli (C₂H₅OH), iliyomo katika pombe, ni ya kaboni 2.

Ini hubadili ethanoli kuwa ethanali, kisha asidi ya ethanoiki, ileile iliyomo katika siki. Kwa njia hiyohiyo methanoli huwa methanali, kisha asidi ya methanoiki. Asidi hii hujilimbikiza mwilini, huzuia seli kutumia oksijeni na kuharibu neva za macho. Mei 2014, nchini Kenya, watu zaidi ya 60 walifariki baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli.

Iwe katika gongo au katika chupa yenye lebo, methanoli haitambuliki kwa rangi wala harufu. Dalili zake huweza kuchelewa kwa saa 12 hadi 24: maumivu ya tumbo, kutapika, kupumua kwa kasi na kuona ukungu. Mwenye dalili hizo baada ya kunywa apelekwe hospitali mara moja. Huko huweza kupewa dawa ya kulizuia ini lisizalishe asidi hiyo, na damu yake ikasafishwa kwa mashine. Kumwacha alale hadi pombe imtoke ni kupoteza muda wa kuyaokoa macho yake na uhai wake.