Programu Inafanya Kazi, Mbona Haifunguki?

Unajifunza kompyuta hapa Doha na kesho utamwonyesha mwajiri programu yako. Iko ndani ya kontena la Docker, lakini kivinjari hakiifungui. Usikimbilie kusakinisha upya. Kagua hatua tatu:

1. Andika docker ps -a. Ukiona Exited, kontena limezimika. Andika docker logs na jina la kontena, usome sababu.

2. Mlango umefunguliwa? Unda kontena upya ukitumia -p 8080:80. Namba ya kwanza ni mlango wa kompyuta; ya pili ni wa programu. Kisha fungua localhost:8080.

3. Programu isikilize 0.0.0.0. Ikisikiliza 127.0.0.1, ni kama mtu aliyejifungia chumbani: hodi ya barazani haimfikii.

Jaribu leo usiku, si mbele ya mwajiri.