Biti bapa na tundu la kitasa

Mlango wa mninga haujakamilika mpaka kitasa kiingie. Hapo ndipo fundi seremala wa Keko, Mbagala au Bunju anapopimwa na mwenye nyumba, kwa sababu kitasa cha kuzamisha kinataka mfuko mwembamba na mrefu ndani ya unene wa ubao, na kosa la milimita mbili linaonekana kila mlango unapofungwa. Zamani kazi yote ilikuwa ya patasi na nyundo ya mti. Siku hizi mafundi wengi huanza na drili: hutoboa matundu mfululizo kwenye mstari mmoja, kisha patasi inamalizia kuta na pembe. Kwa kazi hiyo biti bapa inatosha kabisa, mradi fundi ajue inachoweza na isichoweza.

Ni kipande cha chuma kilichopigwa bapa kama koleo dogo, chenye ncha kali katikati na mkia wenye pembe sita usioteleza drili inapokaza. Saizi zake huanzia milimita 6 hadi 38 hivi. Kariakoo, upande wa Gerezani, zinauzwa moja moja au kwa seti, na maduka ya vifaa vya ujenzi ya Tegeta na Mbagala nayo huwa nazo. Watu huzipendea bei na kasi. Ninavyoona mimi, sifa yake kubwa ni nyingine: fundi anainoa mwenyewe, kwa tupa ndogo, palepale karakana.

Pwani hii imetoboa mbao kwa chuma bapa tangu kabla ya umeme. Waunda majahazi walitumia keekee ya upinde, na chuma cha keekee ya namna hiyo hunolewa pande zote mbili ili kikate upinde unapokwenda na unaporudi. Biti ya leo inazunguka upande mmoja tu, tena kwa kasi kubwa mno, na kasi hiyo ndiyo chanzo cha matatizo mengi.

Drili ya kawaida ya umeme ikiachiwa huzunguka karibu mara 3,000 kwa dakika. Kwa mwendo huo, ukingo wa biti ya milimita 25 husafiri zaidi ya mita 230 kila dakika, wakati ule wa biti ya milimita 10 haufiki mita 100. Ndiyo maana biti pana huunguza mbao na kujiunguza yenyewe. Ya milimita 10 inavumilia mizunguko 2,000. Ya 25 kwenye mbao ngumu iwekwe karibu na 1,000, na zilizo pana zaidi zishuke chini ya hapo. Drili nyingi hazionyeshi namba, kwa hiyo fundi husikiliza na kutazama. Maranda yakitoka mepesi na yenye rangi ya mbao, mwendo ni sawa. Ukitoka unga mweusi na harufu ya moshi, ama kasi imezidi au biti ni butu. Chuma kikishageuka rangi ya samawati, ugumu wake umepotea na hakuna tupa itakayourudisha.

Kuna jambo jingine dogo ambalo wengi hulipita. Drili ile ile iliyotoka kutoboa zege kwa ajili ya fimbo za pazia huletwa kwenye mlango ikiwa bado kwenye hali ya kugonga. Lazima igeuzwe kwanza, maana kugonga kule kunavunja ncha ya biti na kuchana mbao.

Dukani, fundi mwangalifu hainunui seti kwa kuvutiwa na boksi. Anainua biti usawa wa jicho na kutazama kama mkia na ncha viko kwenye mstari mmoja. Biti iliyopinda hutoa tundu pana kuliko namba iliyoandikwa. Kisha anatazama makali mawili ya mabegani: yawe na kimo sawa, la sivyo moja litafanya kazi yote. Zilizo bora zina vijino viwili kwenye pembe za nje, vinavyochora duara kabla makali hayajafika na kuacha mdomo safi. Nyingine zina ncha ya skrubu inayojivuta ndani. Hizo zinafaa mtu aliye juu ya ngazi anayetoboa kenchi za paini kupitisha paipu za nyaya, lakini kwenye mkongo mgumu zinaweza kuvuta kuliko nguvu ya drili ndogo, na mkono ukapindwa.

Sasa kitasa chenyewe. Fundi hupima unene wa boksi lake, ambao mara nyingi ni karibu milimita 14 hadi 16, na kuchagua biti inayolingana nalo. Huchora mstari wa katikati kwenye unene wa mlango na kufunga utepe wa gundi kwenye mkia wa biti kuonyesha kina. Matundu hayapaswi kuingiliana. Biti bapa hushikwa na ncha yake tu. Ncha ikikosa mbao ya kushika, biti inarukia tundu la jirani na kula ukuta. Huachwa milimita mbili tatu kati ya tundu na tundu, na patasi inaviondoa vipande hivyo kwa urahisi. Tena biti hii haina mzunguko wa kupandisha maranda juu, kwa hiyo kila baada ya sentimita mbili hutolewa ikiwa bado inazunguka, ili tundu lipumue.

Kwa tundu la kutokea upande wa pili, kama la mikono ya kitasa, dawa inajulikana. Fundi anasukuma taratibu mpaka ncha ichungulie nyuma, anasimama, anazunguka mlango na kumalizia kutoka upande huo, ncha ikiwa ndani ya kitobo chake. Asipofanya hivyo, biti inatoka na kipande cha uso wa mbao, na hakuna vanishi inayoficha jeraha hilo. Kama nyuma hapafikiki, ubao wa taka ubanwe kwa jiriwa.

Mbao nazo hazifanani. Mninga unakubali. Paini za Sao Hill ni laini lakini huchanika nyuzi. Mvule una mawe ya chokaa yaliyojificha ndani yake, na mtiki una silika. Yote mawili hula makali haraka. Mbao za paleti zina misumari iliyokatika, na msumari mmoja unatosha kuimaliza biti. Vumbi la mvule na mkongo linawasha pua na kifua, kwa hiyo barakoa na miwani vivaliwe.

Ipo kazi ambayo biti bapa haifai kabisa: bawaba za kikombe za makabati ya jikoni. Kikombe kinataka tundu la milimita 35 lenye kina cha 12 hivi, kwenye MDF ya milimita 18 au 16. Ncha ya biti bapa hutangulia kwa sentimita moja au zaidi, kwa hiyo mlango wa kabati unatoboka upande wa mbele. Hapo inatakiwa biti aliyoibuni Benjamin Forstner na kuisajili Marekani mwaka 1874, yenye ukingo wa duara na ncha fupi.

Kunoa ni kazi ya muda mfupi. Biti inabanwa kwenye jiriwa, tupa inafuata pembe ileile ya kiwandani, na idadi ya mapigo iwe sawa kila upande. Mbavu za nje haziguswi, kwa kuwa zikisagwa kipenyo kinapungua.

Anayeanza asinunue seti nzima. Anunue tatu nzuri: milimita 16 kwa vitasa vya kuzamisha, 22 kwa paipu za nyaya za milimita 20, na 25 kwa ulimi wa vitasa vya duara. Pesa inayobaki anunue tupa.