Tovuti Imehamia Seva Mpya na Malipo Hayaonekani: Anzia Wapi?

Pesa imetoka kwa simu, ujumbe wa kuthibitisha umeingia, lakini tovuti bado inasema hujalipa. Lalamiko hili hutufikia mara kwa mara, na tukiuliza maswali mawili matatu tunagundua kwamba tovuti ya muuzaji ilihamishwa majuzi hadi seva mpya. Leo tunalieleza jambo hili kwa pande zote mbili: wewe unayelipa na wewe unayelipwa.

Tuchukue mfano. Tuseme una duka la sare na vitabu Asumbi, Kaunti ya Homa Bay. Asumbi kuna shule na chuo cha walimu, kwa hivyo wiki ya kufungua shule ndiyo msimu wako. Wazazi walio Rongo, Migori na Kisii wanaagiza kwa tovuti ili wakifika na watoto wakute mzigo umefungwa. Ijumaa jioni fundi wako anaihamisha tovuti hadi seva ya bei nafuu. Jumamosi asubuhi inafunguka vizuri kwa simu yako. Kufikia adhuhuri, wazazi kumi na wawili wamelipa na hakuna oda hata moja iliyothibitishwa. Wawili kati yao wameona kimya, wakalipa mara ya pili.

Pesa hiyo iko wapi?

Pesa ina njia yake, taarifa ina njia yake

Mteja anapobonyeza "Lipa", tovuti inautuma mfumo wa malipo ombi. Mfumo unamfungulia mteja dirisha kwa simu, anaweka PIN, na pesa inaingia kwenye Paybill au Till ya muuzaji. Hapo pesa imefika. Tovuti haijaigusa wala haijaibeba.

Baada ya hapo ndipo mfumo unaitumia tovuti taarifa: fulani amelipa kiasi hiki, msimbo wa muamala ni huu. Taarifa hiyo hutumwa kwa anwani ya majibu iliyoandikwa na fundi. Tovuti ikihama na anwani hiyo isifanye kazi, taarifa inabisha mlango ambao hauna mtu. Kilichopotea ni taarifa, si pesa.

Ukielewa hilo, nusu ya wasiwasi inaisha.

Kama wewe ndiye uliyelipa

- Usilipe tena. Angalia kwanza ujumbe wa kuthibitisha na salio lako. Kama pesa imekatwa na jina la biashara ni sahihi, malipo yamefika.
- Kama ujumbe haujaingia na salio halijapungua, malipo hayajafanyika. Hapo unaweza kujaribu tena.
- Mtumie muuzaji msimbo wa muamala, kwa nambari yake uliyokuwa nayo tangu zamani. Kwa M-PESA, msimbo huo una herufi na tarakimu kumi. Anaweza kuutafuta kwenye taarifa ya akaunti yake hata tovuti ikiwa imezimika kabisa.
- Usimpe mtu yeyote PIN yako. Hakuna tatizo la seva linalotatuliwa kwa PIN ya mteja.
- Jihadhari na ujumbe unaosema "tumehama, sasa lipa kwa nambari hii". Kuhama seva hakubadilishi Paybill wala Till. Ukiona nambari mpya, mpigie muuzaji kabla hujatuma hata shilingi moja.

Kama wewe ndiye mwenye tovuti

Kwanza kabisa, zima kitufe cha kulipa, si tovuti nzima. Weka tangazo fupi: "Kama umelipa, usilipe tena. Tutumie msimbo wako." Kisha wewe na fundi mfuate hatua hizi kwa mpangilio.

1. *Jina linaelekea wapi?* Jina la tovuti ni kama bango la barabarani: rekodi za DNS ndizo zinaonyesha seva iko wapi. Ukibadilisha rekodi, kuna mitambo ya intaneti inayoendelea kukumbuka ile ya zamani kwa muda uliowekwa kwenye rekodi yenyewe. Ukiwa sekunde 86,400, ni siku nzima. Kwa hivyo mzazi wa Rongo anaweza kuwa bado anaingia seva ya zamani huku wewe ukiona mpya. Jaribu kwa laini mbili tofauti na kwa WiFi. Kumbuka pia kwamba oda zinaweza kuwa zimegawanyika, nyingine kule na nyingine huku. Usifute seva ya zamani kabla hujazitoa zote.

2. *Cheti cha usalama kipo?* Kile cha seva ya zamani hakijihamishi chenyewe. Bila cheti halali cha https, kivinjari kitamtisha mteja, na mfumo wa malipo unaweza kukataa kuleta taarifa. Kagua jina likiwa na "www" na likiwa bila.

3. *Anwani ya majibu ni ile ile?* Hapa ndipo kesi nyingi huishia. Soma anwani herufi kwa herufi. Ikiwa imeandikwa kwa nambari ya IP ya seva ya zamani, taarifa zinaenda huko. Ikiwa tovuti mpya inamrusha kila mgeni kutoka anwani moja hadi nyingine, taarifa ya malipo inaweza isifuate. Na kama ulisajili anwani ya Paybill kwa mtoa huduma, kubadilisha faili za tovuti pekee hakutoshi. Ni lazima usajili upya.

4. *Kizuizi cha usalama kinamfungia nani?* Seva mpya huja na ulinzi wake, na unaweza kuuona mfumo wa malipo kama mgeni asiyejulikana. Fungua kumbukumbu za seva. Ukiona taarifa zinafika na kujibiwa 403, zimefukuzwa mlangoni. 404 inamaanisha ukurasa wa kuzipokea haupo. 500 inamaanisha zimeingia lakini programu imeangukia ndani, mara nyingi kwa sababu nywila ya hifadhidata ni ya zamani au toleo la programu halilingani. Na kama huoni chochote, rudi hatua ya kwanza.

5. *Saa ya seva ni sahihi?* Seva nyingi huwekwa saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Malipo ya saa nne asubuhi yanaonekana ya saa moja. Kama tovuti inafuta oda ambazo hazijalipwa ndani ya saa moja, inaweza kufuta oda ya mtu aliyelipa.

Ukimaliza, lipa shilingi 10 wewe mwenyewe na ufuatilie hadi oda ithibitishwe. Kisha pakua taarifa ya akaunti ya siku hizo, uilinganishe na oda moja moja. Aliyelipa mara mbili mrudishie pesa yake kabla hajakuomba. Hilo litakuletea wateja kuliko tangazo lolote.

Hata wakubwa huhama kwa tahadhari

M-PESA ilianza Kenya Machi 2007, lakini kwa miaka mingi seva zake zilikuwa Ujerumani. Zilihamishiwa nchini Aprili 2015, na kazi ikafanywa wikendi, wateja wakiwa wamejulishwa mapema. Uingereza, benki ya TSB ilihamisha wateja wake hadi mfumo mpya Aprili 2018 na mambo yakaharibika: hadi watu milioni 1.9 walishindwa kuingia kwenye akaunti zao. Mwaka 2022 wasimamizi wa benki waliitoza faini ya pauni milioni 48.65.

Duka la Asumbi halina bajeti ya benki, lakini linaweza kufuata kanuni zile zile. Usihame wiki ya kufungua shule wala mwisho wa mwezi. Siku moja au mbili kabla, punguza muda wa rekodi za DNS hadi sekunde 300. Chukua bekapu na uhakikishe inafunguka. Jaribu malipo kwenye seva mpya kabla ya kuwaelekeza wateja huko. Acha ya zamani iwake wiki moja, ikiwa imefungwa isipokee oda.

Na nambari ya simu unayojibu iwe juu kabisa ya ukurasa wa kwanza. Mzazi aliyetuma karo ya sare kutoka Migori hajali seva iko wapi. Anachotaka ni mtu wa kumwambia, "Ndiyo, tumeiona pesa yako."