Chai Nyeusi na Damu Mwilini

Leo asubuhi ulikunywa nini? Watu wengi wa Singida watajibu: chai ya rangi.

Mchai haustawi kwetu. Mmea huu hutaka mvua ya milimita 1,200 au zaidi kwa mwaka. Singida hupata kama milimita 500 hadi 800, tena kwa msimu mmoja. Majani tunayonunua dukani hutoka sehemu za milimani: Mufindi, Njombe, Rungwe na Usambara.

Jani la chai likiwa shambani ni la kijani. Kwa nini basi chai yetu ni nyeusi? Kiwandani majani huachwa yanyauke, kisha husagwa. Maji ya jani yakikutana na hewa, rangi hugeuka, kama ndizi mbichi iliyomenywa inavyogeuka. Halafu majani hukaushwa kwa joto.

Huko China wana chai nyeusi ya namna nyingine, nayo huchachushwa hasa. Majani yenye unyevu hulundikwa na kufunikwa. Vijidudu huyabadilisha, kama chachu inavyobadilisha pombe ya mtama. Baadaye majani hushindiliwa yakawa kama matofali. Zamani matofali hayo yalibebwa na farasi, hata na watu migongoni, mpaka Tibet. Watu wa Tibet hunywa chai hiyo kila siku, wakitia siagi na chumvi. Usicheke. Na wao wangeshangaa sukari yetu ya vijiko vinne.

Chai zote hizi zina ukakasi, ule unaokausha ulimi. Ukakasi huo hushika madini ya chuma yaliyo katika nafaka na mboga, mwili usiyapate. Bila chuma mwili hauwezi kutengeneza damu ya kutosha. Ukila ugali wa mtama kwa kunde, huku unakunywa chai ya rangi, waweza kupoteza zaidi ya nusu ya chuma kilichomo. Chai ya asubuhi na kiazi kitamu haina hasara kubwa, maana kiazi hakina chuma kingi.

Anayeumia zaidi ni mama mjamzito. Akipungukiwa damu huchoka upesi na kuona kizunguzungu. Siku ya kujifungua, akitokwa na damu nyingi, anaweza kufa. Vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki avimeze kwa maji, si kwa chai.

Je, tuache chai? Hapana, hata mimi siiachi. Ukishakula, ngoja kama saa moja, ndipo unywe. Wakati wa kula, kunywa maji ya ubuyu. Ubuyu husaidia chuma kuingia mwilini. Mtoto wa chini ya miezi 6 anyonye tu. Asipewe chai, hata kijiko kimoja.

Maswali
1. Nyumbani kwako chai hunywewa saa ngapi, na pamoja na chakula gani?
2. Kwa nini mama mjamzito asimeze vidonge vya kuongeza damu kwa chai?