Huzuni ya Mzazi na Kitoto Chake

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi hupita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu. Huko ni Makueni, na ng'ambo yake ni Kitui. Zote ni nchi za mvua haba. Tangu mwisho wa 2020 hata 2022 misimu mitano ya mvua ilipungua mfululizo. Mume aghalabu yu mjini atafuta kazi, na mke, kitoto mgongoni, afukua mchanga wa mto mkavu apate maji.

Yatupasa kujua ya kuwa kitoto kichanga husema kabla hakijajua neno. Humtazama mamaye, hutabasamu, huguna. Mama hujibu, kisha hungoja zamu yake. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa Marekani, Edward Tronick, aliwaomba akina mama wacheze na watoto wao, kisha wawakabili kwa uso mkavu dakika chache tu. Watoto wakawaita kwa tabasamu na kwa mikono. Walipokosa jibu waligeuza nyuso zao. Basi je, uso ukikauka miezi?

Ndivyo ifanyavyo sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Mama hunyonyesha, huosha, hubeba, lakini moyo wake hauko. Mtoto naye hunyamaza, nasi twamsifu kuwa ni mtulivu! Na mama twamwita mvivu. Wala ufukara peke yake hauondoi mapenzi: wako mafukara wengi wachezao na watoto wao vizuri kabisa. Lakini njaa, uchovu na upweke huyafungulia mlango maradhi haya.

Nayo yana tiba. Huko Rawalpindi, Pakistan, wahudumu wa afya wa vijijini, wanawake wasio madaktari, walifundishwa namna ya kuzungumza na waja wazito wenye sonona na kuwazuru hata baada ya kuzaa. Khabari zake zilitangazwa 2008: mtoto alipotimia miezi sita, waliosalia na maradhi walikuwa 23 katika kila 100, kwa waliozuriwa na wasiofundishwa, 53. Kitui na Makueni wahudumu wa namna hiyo wapo.

Sisi wa pwani tuna arubaini, mzazi akandwa na kupikiwa. Ni ada njema, ila arubaini ikiisha watu hutawanyika, na sonona yaweza kuja mwezi wa nne au wa sita. Ukimwona jirani amenyamaza na kitoto chake kimenyamaza, mpokee ndoo, umwulize khali yake yeye kabla ya kuuliza ya mtoto. Akisema kuwa hataki tena kuishi, apelekwe hospitali siku ile ile.